Cherehani ya Dirishani

Mwenyekiti wa ushirika wa mafundi cherehani alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini ndani ya karakana ile kila mtu alimwita Pini. Jina hilo alipewa utotoni, enzi alipokuwa akitambaa chini ya meza ya kukatia na kuokota pini kwa sumaku, huku baba yake, aliyekuwa mkataji, akikata vitambaa juu ya kichwa chake. Watu wengine majina ya utotoni huwatoka pamoja na meno ya kwanza. Yeye lake lilimganda, na hata siku alipochaguliwa kuwa mwenyekiti mafundi walisimama wakaimba, "Pini! Pini!" mpaka mgeni mmoja kutoka ofisi za serikali akauliza ni nani aliyechomwa.

Asubuhi hiyo Pini alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, chupa ya mafuta mkononi, akilainisha cherehani za kukanyaga. Tangu mashine za umeme ziletwe, zile za zamani zilikuwa zimesukumwa ukutani na kufunikwa mashuka. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuziuza. Ni moja tu iliyobaki ikifanya kazi, ile ya dirishani, na aliyekuwa akiikanyaga ni shangazi yake, dada wa marehemu baba. Shangazi alikuwa amekula chumvi nyingi na hakuwahi kuolewa, jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa umeshalitania mpaka utani ukaisha ladha. Ukimuuliza kwa nini hataki mashine ya umeme, alikujibu kwamba pale dirishani pana mwanga mzuri. Taa zilikuja, mwanga ukaenea kila kona, na yeye akabaki pale pale.

"Mwenyekiti, kweli tumefika huku?" Makamu wake alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni. Tepu hiyo hakuivua hata msibani. "Tumeshanyoosha mikono. Wote tumekubali, mmoja amekataa. Hesabu hiyo hata mtoto anaijua."

"Mmoja huyo ni shangazi yangu."

"Ndiyo maana nasema usiifanye ya kifamilia."

"Karakana hii yote ni ya kifamilia," Pini alisema, akapangusa mafuta kwenye gurudumu. "Niletee kitambaa kingine, hiki kimelowa."

Makamu alikileta, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefikwa na maji ya shingo. Mashine za umeme zilikuwa zimekaa kimya kwa muda mrefu kwa kukosa kazi, na wiki iliyopita ndipo Diwani alipokuja, akaketi kwenye kiti walichompangusia, akatangaza neema. Sare za shule zote za kata zingeshonwa na ushirika wao. Yeye alikuwa akigombea tena, na alichotaka ni kitu kidogo tu: siku ya mkutano wake mkubwa, mafundi wote wakae nyuma yake jukwaani, wamevaa vitambaa vya rangi yake, na jina la ushirika litangazwe kwamba liko pamoja naye.

"Na kiti kisibaki wazi hata kimoja," alisema huku akicheka. "Watu wakiwaona wote, wataelewa wenyewe."

Mikono ilinyooshwa siku hiyo hiyo. Shangazi peke yake aliiacha ya kwake juu ya kitambaa alichokuwa akitengenezea matundu ya vifungo. Ndipo Makamu, macho yakiwa sakafuni, akapendekeza kwamba asiyetaka kukaa na wenzake jukwaani basi na nafasi yake karakanani aikabidhi, ili Diwani asije akahesabu mafundi na kukuta pengo. Watu waliguna. Lakini hakuna aliyepinga, na Pini aliyaona yale maguno yakianza kugeuka kuwa ukimya wa kukubali. Hapo ndipo aliposimama.

"Hakuna mtu aliyewahi kutolewa humu kwa mikono kunyooshwa," alisema. "Tutakata shauri kama wazee wetu walivyokata."

Zamani, enzi za baba yake, karakana haikujua kura. Jambo likiwa zito, cherehani zote zilisimamishwa. Watu waliongea. Huyu anasema, yule anapinga, wa tatu anakumbushia ugomvi usiohusika kabisa, chai inapoa, inapashwa, inapoa tena. Aliyeridhika alirudi kwenye cherehani yake, akaweka kipande cha kitambaa chini ya sindano, akaanza kukanyaga. Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake. Zote zikishakwenda, mkataji aligonga meza kwa mkasi, na jambo limekwisha. Ikibaki hata moja kimya, hakugonga. Zilisimama zote, na mazungumzo yakaanza upya.

Pini alikua chini ya sauti hiyo. Akiwa pale chini ya meza hakuona nyuso za watu, aliona miguu tu, na alijifunza kujua mapema mguu upi ungetangulia na upi ungesumbua. Kuna siku moja aliikumbuka kuliko zote. Watu wazima walikuwa wameongea asubuhi nzima kwa sauti za chini, yeye hajui wanaongea nini. Kisha mguu mmoja ukaanza, ukafuata wa pili, ikazidi, sakafu ikaanza kutetemeka. Mwishoni kabisa ukaanza mguu wa Shangazi, na hapo pini zote zilizomwagika sakafuni zikaanza kuruka. Zilicheza! Alizitazama zikirukaruka mbele ya pua yake, juu yake mkasi ukagonga meza, na baba yake akashusha pumzi ndefu, akacheka.

Maisha yake yote, kila kiongozi aliposimama kuhubiri umoja kwenye kipaza sauti, Pini aliwaza pini zile zikicheza. Aliamini umoja ni hivyo, na wengine wote wanatia chumvi tu. Alikuwa amemhadithia Shangazi kumbukumbu hiyo mara nyingi sana, na Shangazi kila mara alitabasamu, akaendelea na vifungo vyake.

Kwa hiyo asubuhi ile, alipokuwa akizipaka mafuta mashine moja baada ya nyingine, alikuwa na furaha ambayo asingeweza kumweleza Makamu. Kila mkanda aliourudisha kwenye gurudumu lake ulimrudishia mtu: huyu alikuwa akiimba puani, yule alikuwa akificha peremende kwenye droo ya nyuzi. Aliamini kabisa kwamba sauti ile ikirudi, watu watalainika na Shangazi naye atalainika. Hakuna atakayepoteza kitu.

Mafundi waliingia mmoja mmoja, wakaketi nyuma ya cherehani za kukanyaga, vijana wakichekeshana kwa jinsi magoti yao yalivyogonga meza. Fundi mzee waliyemwita Redio, kwa kuwa hajawahi kuzimwa na mtu, alikwishaanza hotuba kabla ya kikao kufunguliwa.

"Viti hivi tulivikalia sisi wenyewe, si nyinyi wa kubonyeza swichi! Wewe, usikanyage hivyo, utaukata mkanda. Kisigino kwanza. Kisigino, nimesema!"

"Mzee Redio, punguza sauti kidogo," Pini alimwomba. Alisimama nyuma ya meza ya kukatia, mkasi wa baba yake ukiwa mbele yake, akafungua kikao.

Shangazi hakusubiri kuulizwa.

"Mimi nimewashonea watu wa vyama vyote," alisema, akiwa amegeuza kiti chake kuwatazama. "Diwani nimempima kiuno, mpinzani wake nimempima kiuno, na nawaambia ukweli, wamelingana. Kazi yake nitaifanya. Akileta sare nitashona sare, akileta koti nitashona koti. Lakini kukaa nyuma yake nikiwa pazia lake, hapana."

Watu walicheka. Hata Makamu alicheka, kisha akakunja uso tena.

"Shangazi, ni kukaa tu. Saa chache."

"Kama ni kukaa tu, mwekeni mtu mwingine kwenye kiti changu."

"Anatujua wote huyu. Ametuhesabu."

"Sasa jiulizeni kwa nini ametuhesabu."

Mama Pacha ndiye aliyebadilisha hali ya hewa. Alikuwa mwanamke kijana, fundi hodari wa suruali, na watoto wake wawili walikuwa wamelala kwenye kapu la vitambaa vilivyobaki, miguu ya mmoja usoni kwa mwenzake. Hakupaza sauti.

"Shangazi, mimi sina maneno ya siasa. Nina hawa. Sare zikija, nitalala usingizi. Wewe ulinifundisha kushika mkasi, wewe ni mama yangu humu ndani. Nakuomba. Kwa ajili yetu tu."

Hakuna aliyemkemea Shangazi wala kumtisha. Kila aliyesimama alisema kwa upole, akamwita mama, akamwita bibi, akamkumbusha siku alizomlisha au kumfariji. Walimzunguka kwa mapenzi mpaka akakosa pa kupita. Pini naye, alipofikiwa na zamu yake, aliyasema yaliyokuwa moyoni.

"Shangazi, sisi ni familia. Hatujawahi kuachana humu. Baba angekuwepo leo..."

Shangazi aliinua uso.

"Baba yako angekuwepo," alisema, "angefanya kama unavyofanya wewe."

Pini aliyapokea maneno hayo kama sifa, na kifua kikamjaa.

Redio akaanza kukanyaga. Akafuata Mama Pacha, kisha wale vijana, wakianza vibaya, mikanda ikiteleza, halafu miguu ikapata mwendo. Makamu akakanyaga kwa nguvu, tepu ikimrukaruka kifuani. Sauti ikakua. Ilikuwa ile ile! Pini alishika ukingo wa meza, maana miaka yote ilikuwa imemrudia kwa mpigo mmoja, harufu ya mafuta ya mashine, vumbi la chaki, viatu vya baba yake karibu na sikio lake. Ikabaki cherehani moja.

Shangazi aligeuza kiti. Akachukua kipande cha kitambaa cheupe, akakiweka chini ya sindano, akashusha chuma cha kukibana. Mgongo wake ulikuwa umeinama kidogo. Kisha mguu wake ukaanza.

Karakana nzima ilishangilia. Makamu alipiga kelele ya furaha, Redio akasema alijua tangu mwanzo, na kwenye sakafu, pini mbili tatu zilizodondoka asubuhi zilianza kuruka. Pini aliziona. Machozi yakamtoka bila aibu. Aliuchukua mkasi ili agonge meza, lakini kwanza akataka kumkumbatia shangazi yake, kwa hiyo akapita katikati ya cherehani zote mpaka dirishani, mkasi bado mkononi.

Alimkumbatia kwa nyuma. Na kwa kuwa alikuwa na tabia ya fundi, ambaye hata akilia jicho lake hukagua mshono, akashika kile kitambaa cheupe kilichokuwa kikitokea upande wa pili wa sindano.

Kilikuwa na matundu tu. Matundu madogo, yamenyooka, yamepangana vizuri kama kazi zote za Shangazi, na hakuna uzi hata nukta moja. Pini akaangalia sindano. Tundu lake lilikuwa tupu. Kibiringo cha uzi kilikuwa kimelala kwenye kizingiti cha dirisha.

"Shangazi," alimnong'oneza, "uzi umekatika."

"Haujakatika. Sikuutia." Mguu wake haukusimama. Kelele za mashine ziliwafunika, hakuna mwingine aliyeweza kuwasikia. "Nenda kagonge mkasi wako. Watu wanasubiri."

"Kwa nini unafanya hivi?"

"Kwani nilikuwa na njia gani? Nisipokanyaga natoka. Nimeshazeeka, Pini, nitatoka niende kukaa na cherehani ya nani?"

Shangazi akaendelea kukanyaga, macho yake kwenye kitambaa.

"Ile siku yako ya pini kucheza, unajua tulikuwa tunaamua nini?"

"Sijui. Nilikuwa mdogo."

"Tulikuwa tunamtoa mtu. Fundi Makoti. Wewe humkumbuki. Enzi zile chama kilikuwa kimoja, na kila fundi alitakiwa avae beji. Yeye akasema atawashonea makoti viongozi wote, tena mazuri, lakini beji hatavaa. Basi. Hakuiba, hakumtukana mtu. Wakaona akibaki yeye karakana itafungwa, na walikuwa na watoto, kama hawa wa kwenye kapu. Asubuhi nzima nilimtetea mimi peke yangu."

"Hawakukusikiliza?"

"Walinisikiliza sana. Kila mmoja alinisikiliza, akanijibu vizuri, akaenda akakanyaga. Mwishowe nikabaki mimi. Baba yako akaja akasimama hapo hapo uliposimama, akaniwekea mkono begani, akaniambia sisi ni familia. Nikakanyaga. Bila uzi. Akagonga mkasi, akacheka, na wewe kule chini ukawa unapiga makofi."

Pini aliukumbuka mguu ule wa mwisho. Aliukumbuka vizuri, kiatu cha kamba, soksi nyeupe.

"Fundi Makoti alikwenda wapi?"

"Sijapata kujua. Alikuwa ameniahidi kuja nyumbani kuongea na wazee, mwezi uliokuwa unafuata." Shangazi alipitisha kiganja juu ya mbao ya cherehani, pale ambapo rangi ilikuwa imelika. "Hii ilikuwa yake. Nilihamia hapa siku aliyoondoka, nikawaambia pana mwanga."

Pini alirudi kwenye meza ya kukatia. Aliumia, na alikasirika, na hakujua amkasirikie nani, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu mwema na yeye alimpenda mpaka leo. Kibaya zaidi, sauti ile bado ilikuwa tamu masikioni mwake. Miguu yote ile, ikienda pamoja! Angetoa chochote ili iendelee. Walikuwa wakimtazama wote, wakicheka, wakisubiri mlio wa mkasi.

Aliulaza mkasi mezani taratibu.

"Simamisheni," alisema.

Ilibidi aseme mara ya pili. Miguu ikapungua, ikazimika, sakafu ikatulia.

"Kuna nini tena?" Makamu aliuliza. "Zote zilikuwa zinakwenda!"

"Mimi sijakubali."

"Wewe? Wewe ndiye uliyetuita!"

"Ndiyo, niliwaita. Nilitaka mno kusikia sauti hii, nikaona heri isikike kwa vyovyote." Hakutazama dirishani. Siri ile haikuwa yake kuitoa. "Tumemwambia mtu akubali ama aondoke, kisha tukamwomba kwa machozi akubali kwa hiari. Hiari gani hiyo? Tuanze na hili. Nafasi ya mtu humu ndani hatuijadili. Leo, kesho, hata akitukera. Awe amekanyaga au hajakanyaga, kesho anakuta kiti chake pale pale. Tukishakubaliana hivyo, ndipo tuulizane habari za jukwaa."

"Na kiti kikibaki wazi, Diwani atatunyima sare!"

"Huenda akatunyima."

"Na hawa?" Makamu alionyesha kapu la watoto. "Watakula hiari?"

Pini alikiri mbele yao wote kwamba hajui watakula nini. Mama Pacha alikuwa akilia kimya kimya. Watu waliongea mpaka chai ikapashwa na kupoa tena, na wengine walimwambia mwenyekiti maneno makali ambayo hawakuwahi kumwambia. Yeye aliyapokea. Safari hii hakumwambia mtu yeyote kwamba wao ni familia.

Jambo la ajabu ni kwamba Redio alikuwa amezima. Miongoni mwa waliokuwepo, yeye na Shangazi tu ndio waliokuwa na umri wa kuikumbuka siku ile ya beji. Alikuwa akitazama cherehani ya dirishani, midomo ikimchezacheza. Mwishowe akakohoa.

"Kama kesho kiti changu kipo," alisema, "basi leo naweza kusema ukweli. Mimi jukwaani sikutaka kwenda. Sikuwa na pa kulisemea hilo tu."

"Redio ukose pa kusemea!" mmoja wa vijana alidakia, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu mashine zisimame. Kijana huyo huyo akaongeza kwamba hata yeye hakutaka. Akafuata mwingine.

Walikubaliana kwamba jina la ushirika halitapanda jukwaa la mtu yeyote, na kwamba fundi anayempenda Diwani aende kwa miguu yake, akae mbele kabisa akitaka. Mama Pacha alisema yeye atakwenda, na hakuna aliyemnunia. Cherehani zikaanza tena, kwa uchovu, bila shangwe. Ya Makamu ilibaki kimya. Alikuwa amekunja mikono, akimkazia macho mwenyekiti, akisubiri aone atafanya nini.

"Makamu hajakubali," Pini alisema. "Zamani nisingegonga. Leo nagonga, ila watu wajue hivyo, na Diwani aambiwe hivyo. Kesho asubuhi nitakuhitaji kwenye zile suruali." Akagonga mkasi.

Sare zilikwenda kwingine, na mwaka ule ulikuwa mgumu kwao, tusidanganyane. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile, mafundi walipokuwa wakikusanya vitu vyao na Makamu akiondoka bila kuaga, Shangazi alibaki ameketi dirishani, kile kitambaa cheupe bado kiko chini ya sindano.

"Pini," aliita. "Njoo unitungie uzi. Macho yangu hayalioni tena tundu."

Pini alichukua kibiringo kutoka kwenye kizingiti. Akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akainama, akakosa mara moja, kisha uzi ukapita. Shangazi akakirudisha kitambaa mpaka kwenye tundu la kwanza kabisa, akakinyoosha kwa vidole viwili, akaanza kukanyaga.

Pini akaketi sakafuni, karibu na mguu wake, akasikiliza.